Mota ndogo kwa boti ya alumini ziwani Kivu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Boti za alumini si nyingi hapa Goma. Simama bandari ya Kituku alfajiri uone: maboti makubwa ya mbao yakitoka Minova na Idjwi na mizigo ya ndizi na maharagwe, mitumbwi ya mtu mmoja mmoja, na kule mbali ile mitumbwi mitatu mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti, ikirudi na sambaza, wale samaki wadogo. Ya alumini ikitokea, watu hugeuka kuiangalia. Mwenye nayo aliinunua kwa mradi uliofunga milango, au ametumiwa na ndugu yake, au amechanga na wenzake. Kisha anakuja kuniuliza aweke mota gani, na mara nyingi anakuja akiwa amekwisha kununua.

Mimi ni mvuvi wa nyavu za tilapia. Ufundi sikuusomea, nimeufundishwa na mota zilizonizimikia katikati ya maji. Majibu haya yanahusu boti za futi 12 mpaka futi 14, yaani kama mita 3.7 hadi 4.3, zinazovua na kurudi siku ileile.

Mota ya shevo ngapi inanitosha?

Nguvu za farasi, ambazo bandarini tunaziita shevo, usizitaje kabla hujataja kilo. Chukua boti tupu ya futi 14: tuseme kilo 90. Mota, kilo 40. Watu wawili, kilo 140. Nyavu, nanga, kamba na makasia, kilo 30. Tangi la petroli, kilo 20. Jumla ni kilo 320, na hujavua hata samaki mmoja.

Sasa kuna mwendo wa aina mbili, na ni lazima uchague mmoja kabla ya kutoa pesa. Wa kwanza ni boti kulima maji, pua imeinuka kidogo, wimbi linaifuata nyuma. Boti ya futi 14 ikienda hivyo haivuki kilomita 9 au 10 kwa saa, hata ukiifunga mota ya kutisha, maana urefu wake ndio unaoizuia. Kwa mwendo huo shevo 4 au 5 zinatosha kabisa. Wa pili ni boti kupanda juu ya maji na kuteleza. Hapo hesabu ya kienyeji ni shevo moja kwa kila kilo 20 hadi 25 za uzito wote. Kilo 320 gawanya kwa 25, unapata karibu shevo 13. Ongeza mtu wa tatu na kilo 100 za samaki na barafu, umefika kilo 490, na shevo 15 haziwezi tena kuipandisha. Utakuwa unachoma petroli ya mota kubwa kwa mwendo wa mota ndogo. Hilo ndilo kosa ninaloliona kila mwezi.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Ukivua karibu, kuanzia ufukwe wa Himbi hadi sehemu unazoziona kwa macho, na unarudi na samaki wa sufuria na wa kuuza kidogo, nunua shevo 5 au 6 na ulale usingizi. Ukienda mbali na mwenzako mmoja, nunua 15. Zile za 8 na 9.9 ziko katikati pabaya kwa boti hii: baadhi ni nzito karibu kama ya 15, zinakula karibu sawa ukizibana, na mwendo wake haupandi. Najua kuna watakaobisha. Wabishe wakiwa wamebeba watu wawili na nyavu mbichi.

Angalia pia kama boti yako ina bamba lililopigiliwa ndani karibu na ubao wa nyuma, lenye kusema mwisho wa shevo na mwisho wa kilo. Bamba likisema 10, usifunge 15. Ubao wa nyuma wa alumini hupasuka taratibu, na ufa wake huanza mahali usipopaona, chini ya rangi.

Mota ya shemeji yangu ilikuwa inaruka kama swala kule Uvira. Hapa imekuwa mvivu. Imeharibika?

Haijaharibika, imepanda mlima. Ziwa Tanganyika liko karibu mita 770 juu ya bahari. Ziwa Kivu liko karibu mita 1,460. Hewa ya huku ni nyepesi, na mota inapumua kama sisi. Mota isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda. Ukifika Goma umepoteza asilimia 14 au 15. Ile 15 iliyoandikwa kwenye kifuniko, hapa ni 13 hivi. Rudi juu uangalie hesabu ya kilo 320, utaona kwa nini nilisema 15 na si 13.

Kuna mambo mawili ya kufanya. La kwanza ni elisi, rafadha kwa Kiswahili cha vitabuni. Elisi huandikwa namba mbili: upana, na pichi, yaani inchi ambazo ingesogea mbele kwa mzunguko mmoja kama ingekuwa inapita kwenye kitu kigumu. Mota zinakuja na elisi ya kwenye usawa wa bahari. Hapa, shusha pichi inchi moja. Inchi moja huongeza mizunguko kama 150 hadi 200 kwa dakika, na mota inaacha kulia kama mtu aliyebebeshwa gunia la makaa na kuambiwa apande Mont Goma. Kitabu cha mota kinasema mizunguko inapaswa kufika wapi ukiifungua yote. Ikishindwa kufika hapo ukiwa na mzigo wako wa kawaida, elisi ni kubwa.

La pili ni kabureta. Hewa ikipungua na petroli ikabaki ileile, mchanganyiko unakuwa mzito: buji, yaani plagi ya kuwashia, inatoka nyeusi yenye masizi, moshi unazidi, petroli inakwisha upesi. Kuna kipande kidogo cha shaba ndani ya kabureta chenye tundu, mafundi wanakiita jikleri. Kinabadilishwa na chenye namba ndogo zaidi. Nasema kibadilishwe. Nimeona fundi akikipanua kwa sindano, kinyume kabisa cha kinachotakiwa. Na ukishuka tena na mota hiyo kwenda Uvira au Kalemie, rudisha kile cha zamani, la sivyo itachemka na kukwama. Mota zenye sindano za umeme badala ya kabureta hujirekebisha zenyewe mchanganyiko, lakini nguvu iliyopotea na mlima hakuna kompyuta inayoirudisha.

Mipigo miwili au mipigo minne?

Hapa ndipo watu hugombana, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mota ya mipigo miwili, ile inayochanganyiwa oili kwenye petroli, ni nyepesi. Ya shevo 15 ina kilo 36 hadi 40. Ya mipigo minne yenye shevo hizohizo inakaribia kilo 50. Kwa boti ya futi 12, kilo hizo kumi na zaidi zinazoning'inia nyuma kabisa si mchezo. Nyuma inazama, pua inatazama Nyiragongo. Ya mipigo miwili pia ina vipande vichache, na kila mtu bandarini ameshaifungua. Yamaha Enduro imezoeleka hivyo kwenye maziwa mengi ya Afrika: ukikwama, kuna mtu ana pistoni yake ndani ya boksi la viatu.

Mipigo minne inakula kidogo. Ukifungua yote, shevo 15 za mipigo miwili hunywa kama lita 7 kwa saa. Za mipigo minne hunywa kama 5. Kwa mtu anayetoka siku tano kwa wiki, tofauti hiyo inalipa ile bei ya ziada. Haina kelele sana, haikuulizi oili kila ukijaza tangi, na ukienda polepole ukiburuta ndoano haizimiki. Lakini inataka oili yake ibadilishwe kwa wakati, inataka ilazwe upande ule tu ambao kitabu kinausema, na ikiharibika sana fundi wa kawaida atakuangalia usoni kwa huruma.

Kuna jambo la tatu ambalo wauzaji hawalisemi. Mota ya zamani ya mipigo miwili yenye kabureta hutupa nje sehemu ya petroli na oili bila kuichoma, kati ya asilimia 20 na 30. Inaenda wapi? Majini. Maji haya REGIDESO, shirika la maji, inayavuta, na maelfu ya watu wanayachota moja kwa moja na bidoni za manjano ufukweni. Marekani na Ulaya zimekwisha kuziondoa mota mpya za aina hiyo madukani kwa sababu ya moshi na uchafu wake. Sisi tunazipokea.

Mimi mwenyewe nina mota mbili. Ya kwanza ni shevo 15 za mipigo miwili, kwa sababu ndiyo niliyoweza kununua na kutengeneza. Ya pili ni shevo 5 za mipigo minne, na ndiyo ninayoitumia siku nyingi zaidi. Ningekuwa naanza leo, ningeanza na hiyo ndogo.

Oili ya kuchanganya ni kiasi gani? Naweza kutumia ya pikipiki?

Mota nyingi za mipigo miwili huandikwa 50 kwa 1: mililita 20 za oili kwa kila lita ya petroli. Tangi la lita 24 linataka mililita 480, karibu chupa ya nusu lita ya maji. Nyingine ni 100 kwa 1, na mota mpya inayoanza kazi hutaka oili nyingi zaidi kwa saa zake za kwanza. Soma kitabu cha mota yako, usisikilize cha jirani.

Oili ya pikipiki, hapana. Tafuta chupa iliyoandikwa TC-W3, ya mota za majini. Ya pikipiki imetengenezwa kwa injini inayopozwa na hewa, yenye joto kubwa. Kwenye mota ya boti inaacha majivu juu ya buji na pistoni.

Mguu mfupi au mguu mrefu?

Pima kabla ya kununua. Kutoka juu ya ubao wa nyuma, katikati, shuka mpaka chini ya boti. Ikiwa ni karibu sentimita 38, mguu mfupi. Ikiwa ni karibu 51, mguu mrefu. Mota ikishafungwa, lile bapa lililo juu ya elisi linatakiwa liwe usawa wa chini ya boti au lishuke kwa sentimita 2 au 3, si zaidi.

Mwaka nilionunua mota ya kwanza sikupima. Muuzaji aliniambia mrefu ni bora kwa sababu unafika kwenye maji mazuri. Ulifika kweli. Ulifika pia kwenye kila jiwe kutoka ufukweni hadi nilipotega nyavu, na boti ilikuwa nzito kama inaburuta mti. Niliiuza kwa hasara kwa mtu mwenye boti ya mbao iliyo ndefu nyuma, na kwake ilimfaa.

Mawe ya volkano yanavunja elisi. Nifanyeje?

Ufukwe wetu ni lava. Mwaka 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji ikaingia ziwani, na ya zamani zaidi imelala kila upande chini ya maji, ikiwa na makali kama chupa iliyovunjika. Boti ya mbao inakwaruzwa. Ya alumini inakatwa.

Mota nyingi ndogo za shevo chini ya 8 zina pini ya chuma laini inayopita kwenye mhimili wa elisi. Ukigonga jiwe, pini inakatika na gia zinapona. Ni kitu cha bei ya soda. Beba tano, pamoja na koleo na zile pini nyembamba za kufungia, ndani ya kopo lenye kifuniko, na ujizoeze kubadilisha ukiwa nchi kavu kabla ya kujaribu usiku kwenye mawimbi. Usiweke msumari badala yake. Msumari haukatiki, zitakazokatika ni gia. Mota kubwa zaidi hazina pini, zina mpira ndani ya kitovu cha elisi unaoteleza ukigonga. Mpira huo ukichoka, mota inanguruma na boti haiendi. Watu hufungua kabureta wiki nzima wakati ugonjwa uko nyuma.

Elisi ya alumini inatosha. Ya chuma kisichoshika kutu ni nzuri lakini ni ngumu, na ikigonga jiwe inapeleka pigo lote ndani ya gia. Beba ya akiba. Na karibu na ufukwe inua mota, shika kasia.

Alumini haishiki kutu, sivyo?

Haishiki kutu nyekundu. Inaliwa kwa namna nyingine: unaona unga mweupe, kisha tundu dogo kama la sindano. Kinachoiua ni kugusana na madini mengine ndani ya maji. Vyuma vya uzito wa nyavu vilivyoachwa kwenye maji ya chini ya boti, risasi za ndoano, boliti za shaba, hata sarafu. Maji ya Kivu si ya chumvi kama bahari, lakini yana madini mengi yaliyoyeyuka, kama gramu moja kwa lita, na madini hayo yanarahisisha kazi hiyo ya kuliwa. Fagia boti ndani kila ukirudi.

Mota nayo ina vipande vya kutolewa sadaka, anodi, vilivyofungwa karibu na elisi ili viliwe badala ya mguu. Zinki ni za bahari. Magnesi ni za maji matupu yasiyo na madini. Kwa ziwa letu mimi ninatumia za alumini, ziko katikati. Usizipake rangi. Zikibaki nusu, badilisha.

Mota ikae juu ya ubao au plastiki ngumu, isikae chuma kwa chuma. Ubao huo usiwe wa mbao zilizolowekwa dawa ya kijani dhidi ya mchwa, kwani ile dawa mara nyingi ina shaba. Na usipake chini ya boti rangi ya meli yenye shaba, hata ukipewa bure.

Ribiti zinazovuja? Weka boti juu ya matofali nchi kavu, mimina maji ndani, ulale chini uangalie yanapodondokea. Utazipata zote kwa dakika kumi.

Nimeonyeshwa mota ya mtumba, bei nzuri. Nikague nini?

Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Mota iliyopashwa moto inaficha ugonjwa. Iguse kwanza: ikiwa ya uvuguvugu, ameshaisaidia kuamka.

Fungua boliti ya chini ya gia, acha oili kidogo itoke. Nyeusi au ya kijani si mbaya. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Ikitoka na vipande vinavyong'aa, ondoka. Toa buji zote, pima mgandamizo wa kila silinda kwa kipimo chake. Namba kamili si muhimu kama zinavyokaribiana, na tofauti ya zaidi ya asilimia 10 kati ya silinda na silinda ni shida. Shika elisi uitikise juu na chini. Kunja mota huku na huku usikie kama kuna mlio wa kusaga.

Kisha iwashe ndani ya pipa la maji na utazame mkojo wake, yale maji membamba yanayoruka nyuma. Yawe na nguvu na yasikatike. Mkojo dhaifu unaweza kuwa feni ya mpira ya pampu tu, kitu kidogo. Lakini mota zinazotoka baharini, na nyingi zinapandishwa kutoka Mombasa na Dar es Salaam, huwa zimejaa chumvi iliyoganda kwenye njia za maji. Kwa nje zimepakwa rangi mpya, kwa ndani ni mawe. Kwaruza kidogo chini ya kifuniko, mahali ambapo mpakaji rangi hakufika.

Mwisho, namba. Kila mota ina bamba lenye namba yake kwenye mkono wa kufungia. Ikiwa limekwanguliwa, iache. Kama inatoka ng'ambo ya mpaka, karatasi za forodha zitaje namba ileile. Mota isiyo na karatasi inakuwa ya kila mwenye sare unayekutana naye.

Mota za Kichina je?

Nyingi zimeiga muundo wa Yamaha za zamani, na vipuri kadhaa vinaingiliana. Nimeona nzuri, nimeona za aibu. Kabla ya kununua, omba muuzaji akuuzie siku hiyohiyo feni ya pampu, seti ya buji na kamba ya kuvutia ya mota hiyohiyo. Akiwa hana, ujue hata yeye hatakuwa nayo ikivunjika.

Petroli ya Kadhafi inaharibu mota?

Si petroli ya Kadhafi peke yake, ni bidoni. Hawa vijana wa kando ya barabara, ambao tunawaita Kadhafi, wanauza kile walichouziwa, lakini bidoni imekaa juani, imeoshwa kwa maji, jana ilikuwa na mafuta ya taa. Mota ya boti haina msamaha wa pikipiki; ikizimika huiegeshi chini ya mti. Jaza kwenye chupa angavu kwanza, iache dakika kumi. Maji yatakaa chini, utaona mstari. Mimina kupitia kitambaa kizito kisichotoa nyuzi, na kati ya tangi na mota funga chujio la kutenganisha maji, lile la kikombe. Ukimaliza kazi na hutatoka wiki nzima, chomoa mpira wa petroli uiache mota inywe mpaka izime yenyewe.

Gesi ya ziwa inaweza kuwaka kwa cheche za mota?

Hapana, na naulizwa hili kuliko maswali yote. Gesi ya methane ya Kivu, ambayo inakadiriwa kuwa karibu kilomita za ujazo 60, pamoja na kaboni dioksidi karibu 300, imeyeyuka ndani ya maji ya chini kabisa. Iliyo nyingi iko chini ya mita 250, katika ziwa lenye kina kinachofika karibu mita 485. Maji ya chini ni mazito kwa madini na yamefungiwa huko na maji mepesi ya juu. Hata mtambo wa KivuWatt, wa umeme wa gesi hiyo, kule Karongi upande wa Rwanda, unashusha mabomba karibu mita 350 ili kuifikia. Elisi yako inakoroga nusu mita.

Kitakachokudhuru ni mazuku, nacho kiko nchi kavu. Ni hewa ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini na kujikusanya kwenye mabonde madogo, hasa upande wa magharibi kuelekea Sake. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, haina harufu, na alfajiri isiyo na upepo ndiyo wakati wake. Ukisukumwa ufukweni usiku usichutame shimoni kutengeneza mota, usilale humo. Panda juu ya mwamba.

Naweza kwenda nayo Bukavu?

Kwa maji ni karibu kilomita 100. Ukiwa mwepesi na shevo 15, kilomita 25 kwa saa, ni saa nne na lita 28 za mipigo miwili. Ongeza nusu yake kwa upepo na makosa: lita 42, matangi mawili. Ukiwa mzito na boti inalima, ni saa kumi na moja. Kati ya Juni na Agosti upepo wa kusini huamka mchana na utakuwa unakupiga usoni njia yote.

Inawezekana. Mimi nimekwenda mara moja na sirudii. Boti ya futi 14 ni ya kwenda mahali unapoweza kurudi kwa kasia. Kwa safari za kila siku gawa petroli mara tatu: theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, na theluthi ambayo huigusi.

Naweza kuvulia sambaza?

Kwa wavu mkubwa wa kuinua, hapana. Ile kazi inataka mitumbwi mitatu na upana wake. Sambaza waliletwa huku kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na namna ya kuwavua imekwisha kupata wenyewe wake. Boti ya alumini inafaa kwa tilapia, kwa ndoano, na kwa kuwahi kununua sambaza kwao kabla hawajafika ufukweni. Ukiwakaribia usiku, punguza mota mapema. Wimbi lako linatikisa taa, samaki wanatawanyika, na utaambiwa maneno ambayo hayaandikiki hapa.

Mota ya umeme?

Kwa kuburuta ndoano karibu na ufukwe, sawa. Kale kadogo ka volti 12 kanakovuta ampea 50 ni wati 600, chini ya shevo moja, na betri ya asidi ya ampea-saa 100, ambayo haipaswi kunywewa zaidi ya nusu, inakupa saa moja. Upepo ukianza, huna mota.

Ni nini kingine ninunue siku ileile?

Majile ya kujiokolea, moja kwa kila mtu atakayepanda. Baada ya ajali ya Aprili 2019 upande wa Kalehe, Rais Tshisekedi aliagiza kila abiria wa ziwa hili avae. Oktoba 2024 boti kutoka Minova ilipinduka mbele ya Kituku, watu wakiitazama kutoka nchi kavu. Ninyi wenye boti ndogo msijione mko nje ya habari hiyo. Jile liko mwilini, halikaliwi kama mto.

Kamba nyekundu ya kuzimia mota: ifunge mguuni au kwenye jile. Ukitupwa nje, mota inazima. Bila hiyo boti inazunguka na kukurudia na elisi yake. Wengi wanaiacha imeviringishwa kwenye mkono wa usukani.

Mnyororo na kufuli la mota. Makasia mawili. Buji za akiba na kifungulio chake. Taa. Kamba ya pili ya kuvutia.

Mota ilale wapi?

Nyumbani. Ya shevo 5 ina kilo 25 hivi, unaibeba begani. Ya 15, muite mtu wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, mwambie asiilaze kifudifudi, na kama ni ya mipigo minne mwonyeshe upande wa kulazia kabla hajaishika. Maji yote yatoke kwanza, mota ikiwa imesimama. Mimi humlipa nikifika mlangoni, si bandarini.